Maji ya Uti wa Mgongo

Kati ya vipimo vyote vya hospitali, hapana kinachoogopwa kwetu Jinja na Mbale kama kutolewa maji ya uti wa mgongo. Husemwa kwamba aliyechomwa mgongoni harudi nyumbani kwa miguu yake.

Hofu hiyo ina asili yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliangamiza watu zaidi ya 200,000 katika mwambao wa Busoga na Buganda. Ni katika maji hayo ya mgongoni ambamo Aldo Castellani, akiwa Entebbe miaka ya 1902 na 1903, aliviona vijidudu vya maradhi hayo. Ugonjwa ulipozuka tena Busoga mwaka 1976, wagonjwa walipimwa vivyo hivyo, ili ijulikane kama vijidudu vimekwisha kufika ubongoni. Waliokutwa navyo walidungwa melasoproli, dawa yenye aseniki, iliyounguza mishipa na kuwaua baadhi yao. Jamaa zao waliona sindano ya mgongo, kisha wakaona jeneza. Wakaamini kwamba la kwanza limezaa la pili.

Mimi pia nimepata kulala juu ya kitanda hicho, katika hospitali moja ya Mbale, nikiwa na homa na shingo iliyokakamaa. Niliambiwa nilale ubavu, magoti kifuani, nisitikisike. Maumivu yalivumilika, lililonitesa ni kwamba mgongo ni mahali ambapo mtu hapaoni mwenyewe. Muuguzi mmoja wa makamo akaja upande wa uso wangu, akawa ananiambia kwa Kiswahili kila jambo kabla halijatendeka: "Mwalimu, sasa utahisi baridi. Sasa utahisi kusukumwa. Pumua pole pole." Tangu hapo hofu ilinipungua. Baadaye alinieleza kwamba sindano huingia chini ya mahali uti wenyewe unapokomea, na kwamba mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kila siku. Kichwa kiliniuma siku mbili, kisha kikapoa.

Jirani yangu wa Jinja hakupata maelezo kama hayo. Mwanawe alishikwa na homa na degedege. Malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo hufanana mno kwa dalili, na maji hayo ndiyo huzitenga. Baba alikataa. "Mwalimu," aliniambia, "mwanangu hatachomwa mgongo." Akamchukua nyumbani. Mtoto alipona, lakini hasikii tena. Huketi dawati la mbele darasani mwangu, akiitazama midomo yangu.

Simlaumu baba huyo. Alimpenda mwanawe, akamlinda kwa ujuzi aliokuwa nao. Malale imepungua sana Busoga, lakini hofu iliyoiacha bado imo majumbani. Basi sisi walimu na tuwaeleze wanafunzi wetu kwa Kiswahili, na wazazi wao kwa Kisoga na Kigisu, maji hayo ni nini, hutolewa wapi na kwa sababu gani. Tufanye hivyo kabla homa haijabisha hodi, kwa kuwa siku hiyo hapana mzazi awezaye kusikiliza somo.