Kibali cha Kuchukulia Bastola

Nilipokuwa mtoto niliijua bunduki kwa mlio wake kabla sijaijua kwa sura. Kwetu, kaskazini ya Bonde la Ufa, mlio ule usiku ulikuwa na maana moja tu: ng'ombe wa mtu wametwaliwa, na pengine roho ya mtu imekwenda pamoja nao. Kulipokucha wazee walihesabu mifugo, akina mama wakahesabu watoto. Hapana aliyeuliza bunduki ile ilikuwa ya nani, ilikuwa ikienda wapi, wala ilipita njia gani. Usistaajabu, basi, nikikuambia kwamba somo langu kubwa juu ya silaha nilifundishwa na karatasi moja, tena ugenini.

Mwaka 2011 nilikuwa nikiishi Ontario, jimbo la Kanada. Mzee mmoja niliyefanya kazi naye alikuwa mlenga shabaha, akanialika klabuni kwao. Nilikwenda na hofu, nikarudi na hamu. Niliona watu wazima wakitii sauti ya msimamizi mmoja kama watoto wa shule: akisema acheni, kila mkono huacha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona bunduki nyingi mahali pamoja na hapana aliaye.

Nikataka kujifunza. Yafaa ufahamu kwamba nchini Kanada bastola nyingi huhesabiwa katika fungu la silaha zenye masharti makali. Nilisoma mafunzo ya usalama, nikafanya mtihani, mwenendo wangu ukachunguzwa, ndipo nikapewa leseni. Bastola yenyewe nayo iliandikishwa kwa nambari yake. Lakini kumiliki ni jambo moja, na kuchukua njiani ni jambo jingine. Siku zile ilihitajika karatasi ya tatu, kibali cha Afisa Mkuu wa Silaha wa jimbo, kilichotaja mahali pa kutoka na mahali pa kwenda. Bastola sharti iwe haina risasi. Kifyatulio kitiwe kufuli. Iwekwe katika kasha gumu lisiloonyesha kilichomo, nalo lifungwe kwa kufuli. Tena mtu apite njia iliyonyoka kwa kadiri iwezekanavyo, asizungukezunguke mjini na kasha lake.

Bastola yangu ilifika nyumbani kwa kibali cha safari moja. Nikaomba kile cha kwenda kiwanjani, nikangoja. Wiki zikapita. Jumamosi ya mashindano ya wanaoanza ikakaribia, na jina langu limekwisha kuandikwa, lakini posta haikuleta kitu. Rafiki yangu mmoja akacheka, akasema, "Ndugu yangu, ni nani atakayelifungua kasha lako? Ni mwendo wa dakika arobaini tu!"

Nakiri kwamba maneno yake yaliniingia. Alfajiri ile nililichukua kasha mpaka mlangoni. Nikashika kitasa, nikasimama. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu mwema, na kusudi langu ni jema. Ndipo nikakumbuka kwamba kila aliyepita kwetu usiku na bunduki alijiona vivyo hivyo moyoni mwake. Nikalirudisha kasha mahali pake. Nikaenda kiwanjani mikono mitupu, nikaketi benchini, nikawaandikia wenzangu alama zao.

Sitakudanganya, msomaji: hapana polisi aliyetusimamisha njiani, kwenda wala kurudi. Ningalilichukua kasha lile, hapana ambaye angalijua. Siku chache baadaye kibali kilifika kwa posta, kimeandikwa jina langu.

Labda utasema mnyang'anyi haombi karatasi. Ni kweli, na wengi Kanada walisema hivyo. Sheria yenyewe haikusimama pale pale. Mwaka 2015 ruhusa ya kwenda kiwanja cha shabaha ndani ya jimbo iliwekwa katika masharti ya leseni, isiombwe mbali, makufuli yakabaki. Mwaka 2021 safari nyingine nyingi, kama ya kwenda kwa fundi wa silaha, zikarudishiwa kibali chake. Tarehe 21 Oktoba 2022 serikali ikazuia watu wa kawaida, isipokuwa wachache, kununua bastola au kupeana. Waliokuwa nazo wakaachwa nazo. Wenyeji wanabishana juu ya hayo, nami sikukusudia kuwaamulia.

Nilichokusudia ni hiki. Karatasi ile haikumzuia mwovu, ilinipima mimi. Iliniuliza maswali matatu ambayo kijijini kwetu hayakuulizwa: Ni ya nani? Inakwenda wapi? Inapita njia gani? Mtu awezaye kuyajibu mchana, mbele ya watu, jirani zake hulala usingizi.

Huenda wewe usishike silaha maisha yako yote, na iwe hivyo. Lakini utashika funguo za motokaa, fedha za chama, au muhuri wa ofisi. Siku moja utasimama mlangoni alfajiri, hapana akuonaye, na ruhusa haijafika. Jiulize maswali yale matatu kabla hujafungua mlango.