Kijana wa Maposeni Asiyecheza Mpira

Juni shule zikifungwa, Maposeni, kijiji cha mkoani Ruvuma, huwa na baridi ya kumfanya mtu aote jua mpaka saa nne asubuhi. Mahindi yamekauka shambani, mengine yameshaletwa nyumbani yanasubiri kupukuchuliwa. Kijana wa kidato cha pili akishachota maji na kufagia uani, anabaki na siku nzima mbele yake. Saa kumi jioni wenzake wanaelekea uwanjani. Yeye mpira hauwezi, na hautaki. Asipoenda ataambiwa anajitenga. Akienda atawekwa golini, mahali wanapowekwa watoto wasiojua mpira katika kila kijiji cha Tanzania. Kinachobaki ni simu ya kaka yake, kama ina bando, na kibanda cha video ambako kinachoonyeshwa, mara nyingi, ni mpira.

Huko Würzburg, kusini mwa Ujerumani, kuna Watanzania wenye watoto wa umri huohuo. Mji huo una udugu na Mwanza tangu mwaka 1966, na karibu yake kuna monasteri ya Münsterschwarzach, ya shirika lilelile la Wabenediktini waliofika Peramiho, jirani na Maposeni, mwaka 1898. Huko nako yupo kijana anayelala kitandani mchana akiangalia dari, asiyependa mpira, anayemwambia mama yake kwamba hakuna la kufanya. Shida ya vijana hawa wawili ni moja. Tofauti inaanza pale mmoja wao anaposema kwa sauti kwamba anapenda kitu fulani.

Ujerumani, anayependa kitu hutafuta chama chake. Sheria ya nchi hiyo inataka watu saba ili chama kiandikishwe, na vilivyoandikishwa vimepita laki sita. Kuna vyama vya wafuga nyuki, wafuga njiwa, wakusanya stempu, wacheza sataranji na waimba kwaya. Vingi vina kikundi cha vijana, chenye siku yake katika wiki, chumba chake, na mtu mzima anayeshika ufunguo. Hata zimamoto ya kujitolea ina tawi la watoto, ambako binti wa miaka kumi na miwili hujifunza kuunganisha mipira ya maji na kufunga mafundo ya kamba. Kijana asiyejua apende nini huenda mara mbili tatu kuangalia, na kisipomvutia anajaribu kingine.

Tusiipambe Ujerumani, kwani si kila kitu huko ni chepesi. Masomo ya piano yana ada, na mzazi mgeni anaweza kukaa miaka mitano bila kujua kwamba chumba cha chini ya maktaba ya mtaa wake kina watoto wanaounda roboti kila Jumatano. Halafu kuna lile la rangi na kimo: mtoto mrefu wa Kiafrika akiingia shule mpya, mara nyingi huulizwa kwanza kama anacheza mpira wa kikapu. Anayependa kuchora hulazimika kujieleza ugenini kama ambavyo angejieleza Maposeni.

Nyumbani, tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Ukitafuta Kiswahili cha jambo ambalo mtu hulifanya kwa kulipenda, baadhi ya kamusi zitakupa “uraibu”, neno ambalo siku hizi watu hulitumia zaidi kwa aliyetekwa na dawa za kulevya. Kwa hiyo wanafunzi husema “hobi”, na wakitakiwa kuzitaja hujibu kwa pamoja: kusoma vitabu, kusikiliza muziki, kuangalia mpira. Mpira ndio wenye kila kitu. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ina ratiba, makocha, jezi na safari ya kwenda mkoani. Anayependa kufuma au kufungua redio hana ratiba wala mlezi, na wengi hudhani anapoteza muda.

Hata hivyo, watoto wetu hawakosi ubunifu. Mtazame mtoto wa miaka tisa akitengeneza gari la mabua. Anachagua bua lililokauka vizuri, anamenya ganda kwa wembe, na ndani anabaki na ule moyo mweupe, mwepesi, unaochomeka kirahisi. Ganda halitupwi, analichana kuwa njiti nyembamba za kuunganishia chasisi na bodi. Magurudumu yanatoka kwenye ndala iliyochakaa: anaweka kizibo cha soda juu ya soli, anakizungushia wembe, na duara linatoka safi. Mwisho anachomeka mti mrefu wenye usukani, ili aliendeshe gari akiwa amesimama. Hilo ni somo zima la uhandisi, na hakuna aliyelipa ada.

Akifika miaka kumi na mitatu anaambiwa amekua, aache mambo ya kitoto. Hapo ndipo tunapokosea. Kule Hamburg, mapacha Frederik na Gerrit Braun, wakiwa watu wazima, waliamua kujenga dunia ya treni ndogo za kuchezea. Waliifungua mwaka 2001 kwa jina la Miniatur Wunderland. Leo ina reli za zaidi ya kilomita 15, na mamilioni ya watu wameshalipa kiingilio kwenda kuiona. Mikono iliyojenga reli zile haina tofauti na inayochomeka njiti kwenye bua. Ya Hamburg haikuambiwa iache.

Mfano unaomfaa zaidi kijana wetu uko karibu, Kampala. Robert Katende alikuwa akifundisha mpira watoto wa Katwe, mtaa wa mabanda. Aliona kwamba kila siku wapo wanaobaki pembeni ya uwanja, wanaangalia tu. Hakuwalazimisha kucheza wala hakuwafukuza. Mwaka 2004 aliwaletea ubao wa sataranji, au chesi kama wengi wanavyoiita. Mwaka uliofuata aliingia Phiona Mutesi, binti wa miaka kama tisa, aliyevutwa kwanza na kikombe cha uji waliokuwa wakipewa watoto pale. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya Sataranji huko Urusi, na mwaka 2012, Istanbul, akapata hadhi ya kimataifa ya mchezo huo.

Habari za Phiona zimeandikwa kitabu na kutengenezewa filamu, na watu humkumbuka kwa ushindi. Linalostahili kukumbukwa zaidi ni lile jicho la kocha: aliwatazama wasiocheza.

Na ubao haukosekani kijijini. Wazee wanaocheza bao wana kete 64, na vijana wa kijiweni hucheza drafti kwa vizibo vya soda, huyu vimelala chali, yule vimefunikwa. Anayeweza kukumbuka kete ziko wapi baada ya mizunguko mitatu ya bao ana kichwa cha sataranji tayari. Anachohitaji ni mtu wa kumwonyesha farasi anavyoruka.

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, nchini Malawi, William Kamkwamba aliacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002. Alikuwa na miaka kumi na minne. Kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, aliingia maktaba ndogo ya shule ya msingi Wimbe, akakutana na kitabu cha sayansi chenye picha ya mitambo ya upepo. Kiingereza kilimpiga chenga, akafuata michoro. Kwa fremu ya baiskeli, dainamo, vyuma chakavu na miti ya mkaratusi akasimamisha kinu kilichowasha taa nyumbani kwao. Mwaka 2007 alisimama Arusha kuwaeleza wageni kutoka nchi nyingi jinsi alivyofanya. Wapo wanaoisimulia habari hii kama muujiza. Lakini bila rafu ile ya vitabu Wimbe, na mtu wa kumfungulia mlango, angekaa nyumbani kama wenzake.

Mkoa wa Ruvuma wenyewe umetoa mtu wa namna hii. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alisoma kidogo, akafanya kazi za mikono Tanga na Dar es Salaam, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao wa dari, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji. Mwanafunzi wa Maposeni akiambiwa kwamba kuchora ni kazi ya wavivu, atajwe huyo.

Kuna jambo moja ambalo Maposeni ina na Würzburg haina, na Watanzania walioko nje hulisahau haraka. Ujerumani karakana imefungwa. Kuna bima, kuna kanuni, mtoto hapiti. Kwetu fundi baiskeli yuko chini ya mwembe, fundi cherehani yuko barazani, na fundi redio amefungua matumbo ya redio mezani mbele ya kila anayepita. Kijana anaweza kusimama pale saa nzima bila kuulizwa, kisha akashikishwa tochi, kisha akapewa bisibisi. Peramiho imefundisha useremala na ufundi mwingine kwa vizazi kadhaa. Walimu wapo, na tunapita mbele yao kila siku.

Ndege nao hawahitaji fedha. Mwaka 1979 Waingereza walianza kuwaomba watoto wahesabu ndege wa bustanini kwa saa moja kila mwaka, na sasa watu wazima kwa maelfu wanashiriki. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Daftari la kurasa 40, kalamu, na bibi anayejua majina ya Kingoni, lugha ya kwao, vinatosha kuanza, na kijana akiandika jina la Kingoni kando ya lile la Kiswahili atakuwa anahifadhi kitu ambacho shuleni hakifundishwi. Na kinachoanza kidogo hukua: kutoka kwa vijana kumi na wawili waliokutana nyumbani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, Dar es Salaam, mwaka 1991, kulizaliwa mpango wa vijana wa kutunza mazingira, Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi duniani.

Wala tusiseme kuunda vyama si utamaduni wetu. Watuma salamu wa redioni waliupanga upenzi wao vizuri tangu zamani: walinunua kadi, wakajipa majina, wakatajana hewani kila siku, wakaunda vyama, na mwenzao akifiwa wakachangishana rambirambi. Walifanya kwa kupenda tu. Kinachokosekana ni kumpa kijana wa miaka kumi na mitano nafasi kama hiyo: darasa moja lisilofungwa Jumamosi alasiri, na mwalimu au fundi mmoja aliyekubali kukaa humo saa mbili.

Sisi wa nje, kila tunaporudi, sanduku lina jezi na mipira. Ni zawadi nzuri na zinapokelewa kwa furaha, ila zinamfikia yuleyule ambaye tayari ana uwanja. Anayefunga sanduku kwenda Songea Desemba hii atoe jezi mbili, nafasi yake aweke ubao wa sataranji, bisibisi ndogo na mita ya kupimia umeme, au mabunda ya nyuzi na sindano za kufumia. Akifika Maposeni amtafute kijana aliyesimama kando ya uwanja, amwulize anapenda nini, kisha ampeleke kwa fundi.