Dunia ya Sentimita Saba na Nusu

Mtu wa kimo cha kawaida ukimgawanya kwa 22.5 anabaki sentimita saba na nusu. Hesabu hiyo nimeipata kwenye treni ninayoijenga uani kwetu, Voi, na siku hizi naifikiria hata mahali pasipo na treni.

Chanzo chake ni upana wa reli. Njia ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, ni nyembamba: mita moja tu kutoka chuma hadi chuma, wakati reli mpya, SGR, iliyozinduliwa mwaka 2017 ina milimita 1,435. Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilianza kuuza treni za bustani za LGB, zinazopita juu ya reli za milimita 45. Zidisha 45 kwa 22.5, unapata mita moja na kidogo. Basi vipimo vya Nuremberg na vya reli ya kwetu vikakutana hapa kwenye udongo mwekundu. Magurudumu na reli niliagiza. Mengine yote ni mabati, waya, mbao na mota za drili zilizotupwa.

Injini ninayoipenda kuliko zote ni Garratt ya daraja la 59. Ziliundwa Manchester miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mount Gelai bado ipo kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi. Urefu karibu mita 32, uzito tani 252, boila imebebwa katikati ya seti mbili za magurudumu zinazogeuka kila moja kivyake, ndiyo maana jitu kama hilo liliweza kupita kwenye kona za reli nyembamba. Yangu ina urefu wa mita 1.4, na bado watoto wa jirani wakiiona ikitokea nyuma ya mshubiri hurudi nyuma hatua moja.

Kujenga nje kuna ukali wake. Reli ya shaba ya njano yenye urefu wa mita 10 hurefuka karibu milimita tano joto likipanda nyuzi 25, na Voi kati ya alfajiri na saa nane mchana joto hupanda kwelikweli, kwa hiyo kila kiungo lazima kiachiwe nafasi ya kupumua. Mchwa nao wana haki zao. Njia kubwa ilitandikwa mataruma ya chuma, na mtu akiishi huku hahitaji kuuliza kwa nini. Wako wanaonishauri nijenge paa. Sitaki. Treni ya bustani ikifichwa jua na mvua inakuwa pambo la sebuleni, nami nataka njia inayokaguliwa, inayofukiwa mchanga na kufukuliwa tena.

Vitu vingine vinakataa kugawanywa. Tone la mvua juu ya paa la behewa linabaki tone kamili, kubwa kuliko kichwa cha dereva. Jani la nyasi linasimama juu ya stesheni kama mgomba. Nachekecha kokoto hadi zifike milimita mbili, natafuta mimea yenye majani madogo kabisa, lakini maji na moshi siviwezi, na nimeacha kushindana navyo.

Aliyenifundisha kuona haya yote ni kamera, nayo ni simu tu. Ukipiga picha umesimama, unapata picha ya mtu mkubwa anayemiliki kitu kidogo. Kwa hiyo nalala kifudifudi, naigeuza simu juu chini ili lenzi ikaribie ardhi, naileta hadi pale macho ya mtu wa sentimita saba na nusu yangekuwa. Hapo mambo yanabadilika. Kutoka juu, njia yangu ni duara, na treni inazunguka bila kufika popote. Kutoka chini duara halipo. Kuna mkono wa reli unaoingia nyuma ya jiwe, kuna milima ya Sagalla nyuma yake, na treni inakwenda mahali. Hata njia ya kweli, pale Mazeras, hujizungusha na kupita juu yake yenyewe ili ipate kimo. Abiria aliye ndani haoni duara, anaona safari. Mimi naamini maisha ya watu wengi tunayoyahukumu kuwa hayaendi popote tumeyatazama tukiwa tumesimama.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya gengi la reli, alikuja siku moja kuangalia. Hakusema neno kuhusu injini. Alipiga magoti, akaweka shavu karibu na reli, akafumba jicho moja, akatazama mbele. "Mwanangu, hapa imelala," akasema, akagusa sehemu ambayo mimi niliiona imenyooka. Kwa miaka yote ya kazi yake ndivyo walivyoikagua njia: unashuka hadi usawa wa chuma, kisha unatazama. Nilimwomba anionyeshe tena, nikashuka naye.

Stesheni nimeijenga kwa ajili ya mama. Aliuza ndizi na mayai ya kuchemsha kwa abiria wa treni. Jukwaa la stesheni zetu za zamani ni la chini sana, hivyo muuzaji alisimama chini ya dirisha na kunyanyua beseni juu kwa mikono miwili, huku abiria akichagua kwa kuinamisha kichwa. Nimesafiri kwenye treni hizo nikiwa mtu mzima, na kutoka dirishani wauzaji ni vitambaa vya kichwa na mabeseni tu. Picha niliyoipiga kutoka usawa wa macho ya mwanamke wa udongo inaonyesha kingine: behewa limepanda kama ukuta, madirisha yako mbali, na mikono inayoteremsha sarafu haina nyuso.

Mama aliishika simu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na koroboi langu?" Treni yake ilipita usiku.

Kwa hiyo sasa najifunza kupiga picha gizani. Namsoma O. Winston Link, Mmarekani ambaye kati ya 1955 na 1960 alipiga picha treni za mvuke za Norfolk and Western usiku, akiwasha taa nyingi kwa mpigo mmoja, kwa kuwa jua huwezi kulipanga lakini taa unaweza. Mimi nahitaji moja tu, ndogo kama punje ya mtama, ya rangi ya moto wa mafuta ya taa. Mama amesema niiweke kwenye beseni, kati ya mayai na ndizi, kwa sababu usiku mnunuzi anataka kwanza kuona bidhaa. Uso wa muuzaji utapata mwanga utakaobaki. Nimemwambia nitaiweka anapotaka, halafu nitapiga picha nyingine ambayo uso unaonekana, naye akakubali, ila ya kwanza iwe yake.