Makala za Malaria Zilizonijia

Bahasha ya kaki niliyoombea cheo cha mhadhiri mwandamizi mwaka 1998 ninayo hadi leo. Ndani mna orodha ya makala saba, imepigwa taipureta, pamoja na kopi ya kila makala, maana kamati haikuamini orodha tupu. Makala usiyoweza kuiweka mezani ni kama hukuiandika. Kopi moja ilipotea huko huko ofisini. Nikapanda daladala hadi maktaba ya Mlimani, nikaitafuta katika matoleo ya Kiswahili, lile jarida la TUKI, nikatoa nyingine.

Mwaka 2011 Google Scholar ikaanza kuwafungulia watafiti kurasa zao. Kijana mmoja wa idara yetu akanifungulia wangu. “Mwalimu, andika jina tu, itakuletea yenyewe.” Ikaleta kweli, na kijana akazikubali zote kwa mkupuo. Makala arubaini na kitu! Nyingi za vimelea vya malaria, moja ya magonjwa ya mihogo. Mimi, msomi wa ngeli za nomino. Jina langu la mwisho ni la babu, na Pwani nzima imejaa wajukuu wa akina babu wa jina hilo; la kwanza likikatwa likabaki herufi moja, mimi na daktari nisiyemjua tunakuwa mtu mmoja. Nilikaa mchana kutwa nikizikana, moja baada ya moja. Kijana akaniambia wengine huziacha zikae, hesabu ipande. Nadhani hakuwa anatania.

Zangu sasa, zilikuja tatu, zote za Kiingereza. Za Kiswahili zilikuwa kwenye karatasi tu, kwa hiyo nikazifungulia bahasha: kichwa, jarida, juzuu, kurasa, mwaka, nikajaza kwa mkono. Zikakaa ukurasani, lakini pale panapoonyesha umenukuliwa mara ngapi pakabaki patupu. Wanafunzi walionukuu makala hizo nawajua, wengine nimewasimamia mwenyewe; tasnifu zao ziko rafuni, na mashine haipandi ngazi za maktaba.

Baadaye jarida moja likanidai namba ya ORCID kabla ya kupokea makala yangu. Tarakimu 16, zangu peke yangu, daktari ana zake. Makala mpya ikiwa na DOI, namba ya makala yenyewe, naibandika namba hiyo tu na mengine yanajijaza. Zile tarakimu 16 zangu sizikumbuki hata kidogo. Nimeziandika kwa kalamu nyekundu juu ya ile bahasha.