Ukuta Usio na Chokaa na Kijiji Kilichozama

Mwanafunzi atokaye Kilwa, pwani ya Tanzania, akaja kusoma katika Chuo Kikuu cha Rongo, Kaunti ya Migori, hufika penye majani mabichi. Mashamba ya miwa na mahindi yamepakana na barabara kuu, na mvua za alasiri si haba. Akikaa hapo bila kutoka, atarudi kwao akidhani kwamba nchi yote ya kusini mwa Nyanza ni namna hiyo. Lakini akizitumia vema siku mbili za mapumziko, Jumamosi na Jumapili, ataiona nchi nyingine, kavu na yenye mawe mengi, iliyo jirani na ziwa lililo pana kuliko yote ya Afrika. Humo ataona mambo mawili yamfaayo kila mtu aishiye ugenini, na kila mwenyeji pia.

Safari ya Jumamosi huanza alfajiri. Matatu huenda kwa njia ya Homa Bay hadi Rodi Kopany, na hapo msafiri huiacha njia hiyo akaelekea kusini-magharibi kupitia Mirogi. Kadiri aendavyo, migomba hupungua na miiba huongezeka. Udongo huwa wa mawe, na juu ya vilima husimama miti ya utomvu mweupe ambayo matawi yake yameinuka kama vinara vya taa. Si jangwa, kwa maana watu hulima na kufuga humo; lakini mgeni hana budi kuchukua maji ya kunywa na kuvaa viatu imara.

Mgeni atauliza: ziwa li karibu, mbona nchi ni kavu? Sababu ni upepo. Wakati wa mchana upepo hutoka ziwani kwenda bara, nao huyasukuma mawingu hata milima ya Kisii. Huko mawingu hupanda juu, hupoa, na kuwa mvua. Hivyo mkulima wa karibu na ufuko huliona wingu likipita juu ya shamba lake na kwenda kumnyeshea mwenziwe wa mlimani.

MAWE YALIYOPANGWA KWA AKILI

Katika nchi hiyo, kiasi cha kilomita 60 kutoka mji wa Homa Bay, pana boma la kale liitwalo Thimlich Ohinga. Kwa Kijaluo, jina la kwanza lina maana ya pori nene la kutisha, na ohinga ni boma au ngome. Wataalamu hukisia kwamba lilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake hufika mahali pengine kimo cha zaidi ya mita nne, nazo zimejengwa kwa mawe matupu, bila chokaa, bila udongo, wala kitu chochote cha kuyashikanisha.

Kijana wa Kilwa atashangaa zaidi ya wengine. Yeye amezoea kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo mawe yake ya matumbawe yameshikwa kwa chokaa. Hapa ukuta hushikwa na uzito wake na akili ya mjenzi. Waashi wa kale waliinua uso wa nje na uso wa ndani, kisha wakashindilia mawe madogo katikati, hata pande zote tatu zikawa kitu kimoja. Ukuta haukwenda moja kwa moja, bali umepindapinda, na kupinda huko huupa nguvu za kusimama. Milango ni mifupi, na juu yake yamelazwa mawe marefu ya kuubeba ukuta. Aingiaye hana budi kuinama. Na adui aliyeinama hawezi kurusha mkuki.

Sababu ya kujenga hivyo ni dhahiri. Mawe yalikuwa mengi vilimani, na watu walihitaji kujilinda na kulinda ng'ombe wao wasichukuliwe na wezi au kuliwa na wanyama wakali. Katika nchi hizi za mashariki ya ziwa yamehesabiwa maboma zaidi ya 500 ya namna hiyo, na Thimlich Ohinga ndilo kubwa na lililohifadhika kuliko yote. Ndani yake mna maboma manne makuu: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch.

Lakini jambo kubwa kuliko kujengwa kwake ni kudumu kwake. Waliolijenga sio waliolikalia siku zote. Jamaa moja iliondoka na nyingine ikaja. Kabla ya Wajaluo kuenea hapa walikuwapo watu wengine, nao wataalamu wengi husema walikuwa wa jamii za Kibantu. Kila wageni walipofika, waliukuta ukuta ambao si kazi ya mikono yao. Wangeweza kuubomoa ili wapate nafasi ya kulima. Badala yake waliutengeneza palipoanguka, wakakaa ndani. Ndiyo maana boma liliendelea kuwa maskani ya watu hata karne ya 20.

Wachimbuaji wa mambo ya kale waliokota humo vigae vya vyungu na mabaki ya kazi ya uhunzi, na pamoja na hayo shanga za kioo zilizotoka nchi za mbali. Shanga za namna hiyo ziliingia Afrika ya Mashariki kwa bandari za Pwani. Basi kijana wa Kilwa, aliyedhani kwamba yeye ni mgeni kabisa mahali hapa, ataona kwamba bidhaa za kwao zilimtangulia kwa karne nyingi.

Serikali ya Kenya ililiweka boma hili chini ya ulinzi mwaka 1981, na mwaka 2018 shirika la UNESCO likalitia katika orodha ya urithi wa dunia. Walakini heshima hiyo haizuii mizizi ya miti kupenya kati ya mawe, wala haizuii mbuzi kuparamia kuta. Wale wajuao kuchagua jiwe na kulilaza lisitikisike ni wazee wa vijiji vya jirani, na ujuzi wao haukai ila mikononi mwa vijana watakaofundishwa.

BONDE LA MBUNG'O

Alasiri msafiri hurejea Rodi Kopany na kwenda kulala Homa Bay. Upande wa magharibi wa njia yake liko bonde la Lambwe, ambalo kwa muda mrefu watu waliliogopa kwa sababu ya mbung'o waletao malale. Sehemu ya bonde hilo ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Korongo, yule mnyama mkubwa wa jamii ya paa mwenye pembe zilizopinda nyuma, hapatikani porini katika hifadhi nyingine yoyote ya Kenya. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya watu wa Kenya.

ZIWA LA MGENI ALIYEFUKUZWA

Siku ya Jumapili njia ni ya kwenda Kendu Bay, mlima Homa ukiwa upande wa kushoto. Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la mviringo, Simbi Nyaima. Maji yake ni ya kijani na ya magadi, hayafai kunywewa na watu. Lakini heroe, ndege warefu wa rangi ya waridi, huyapenda na huja kwa makundi. Wajuzi wa miamba husema kwamba shimo lake lilichimbwa na mlipuko wa moto wa chini ya ardhi.

Wazee wana habari yao. Kijana akiwaamkia, "Shikamoo, mzee," na kuuliza kwa adabu, ataambiwa kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja, watu wakiwa katika ngoma na pombe, alikuja bibi kizee aliyechoka, akaomba pa kulala. Walimcheka, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea na kumpa chakula. Bibi yule akamwambia aondoke upesi. Kisha mvua kubwa ikashuka, na kijiji kikazama pamoja na watu wake.

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Thimlich wageni waliokuja waliuponya ukuta wa watu waliowatangulia. Huku Simbi, kijiji kilichomfukuza mgeni hakikupona. Kwa hiyo mwanafunzi aliye ugenini ajue kwamba anayo kazi ya kufanya katika nchi iliyompokea, nayo ni kutengeneza akutapo palipobomoka. Na mkulima ambaye shambani mwake mna duara la mawe ya kale, asiyachukue kujengea zizi wala msingi wa nyumba. Maboma mengi yamekwisha kupotea kwa njia hiyo, jiwe moja baada ya jingine. Awaite wazee wa jirani waje waonyeshe jinsi mawe yalivyolazwa, na vijana wake wawepo, watazame na kujifunza.