Gari Inazima, Redio Inazima, Dada Kakausha

Kuna dada mmoja mjini hapa ni MC. Jina kapuni. Kama wewe ni mtu wa sendofu na kichenpati za Sinza, Mwenge mpaka Tabata, ushamsikia. Ukumbi ukipoa yeye ndiye anaupasha moto.

Mwaka jana dada alivuta ndinga. Kigari cheupe cha Kijapani, siti zimevalishwa kava jekundu. Siku hiyo hiyo picha zikapanda Insta, chini kaandika kimeshuka melini juzi. Hongera zikamiminika, mpaka mashosti wasiosalimiana naye waliacha makopakopa.

Ukweli wenyewe? Kigari hakikutoka melini. Alikitoa kwa jamaa mmoja aliyekuwa anapaki kule bondeni Jangwani. Mvua za masika zikamkuta, maji yakapanda mpaka usawa wa siti. Jamaa akakausha, akaosha, akaweka manukato, akauza kwa bei ya kutupa. Na dada aliambiwa kila kitu, hakuuziwa mbuzi kwenye gunia. Bei ndiyo ilimchanganya.

Miezi mitatu ya mwanzo freshi tu. Halafu vituko vikaanza.

Gari inatembea vizuri, ghafla inakosa nguvu. Anakanyaga mafuta, haiendi. Sekunde mbili tatu, inarudi. Siku nyingine inazima kabisa katikati ya foleni, watu wanapiga honi na matusi juu. Inakaa dakika kumi, anawasha, inawaka kama haijafanya kitu. Akiipeleka gereji inaunguruma safi kabisa. Kama mtoto anayelia usiku kucha kwa homa, ukimfikisha hospitali asubuhi anakimbizana na wenzake.

Fundi wa kwanza aliambiwa, "Gari inakosa nguvu." Basi. Akafungua terminal ya betri, akabadilisha plagi nne. Elfu 60. Gari ikapona siku tisa.

Fundi wa pili naye akaambiwa hivyo hivyo. Akasema pampu ya mafuta imechoka. Akafungua terminal ya betri, akashusha pampu, akafunga nyingine. Laki na nusu. Ikapona wiki mbili.

Fundi wa tatu alikuja na mashine ya kupimia. Mashine ikasema umeme uliwahi kushuka chini ya kiwango. Fundi akasema si unaona, betri imekufa hiyo. Betri mpya, laki na elfu 80. Ikapona wiki mbili na siku kadhaa, dada akaanza tena kuuza sura na ufunguo mezani.

Jumla laki tatu na elfu 90, hapo ufundi haujahesabiwa.

Sasa ikafika usiku wa Kibaha. Dada anatoka kupiga kazi kwenye harusi, saa sita imepita. Mdogo wake kakaa mbele, mama yao kalala siti ya nyuma. Barabara ya Morogoro, unaijua, usiku ile ni ya malori. Wanateremka kidogo, gari ikakata. Na safari hii haikukata injini peke yake. Taa za mbele zii. Dashibodi zii. Usukani ukawa mzito kama jiwe. Taa za nyuma nazo hamna, maana yake semi tela lililokuwa linakuja nyuma halioni kitu.

Dada alishika usukani kwa mikono miwili, akauvuta kushoto. Hakupampu breki, aliikandamiza mara moja akaishikilia. Lori lilipita na honi ndefu, upepo wake ukakitikisa kigari chote. Mama akaamka.

Wakakaa pembeni gizani. Mama hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, hii gari historia yake unaijua?"

Dada akasema, "Mama, imetoka melini."

Kesho yake, gari ikavutwa kwa kamba mpaka Temeke, kwa fundi umeme mmoja mzee. Dada akaamkia, mzee akaitikia, halafu hata boneti hakufungua. Akavuta kigoda.

"Haya binti, niambie. Ikizima, redio inaendelea kuimba au nayo inakata?"

Swali jepesi. Lakini dada akababaika. Sijui, sikumbuki, nakuwa nimeshtuka, fundi. Mdogo mtu ndiye aliyevunja ukimya: "Dada, si ile klipu ipo?"

Klipu yenyewe ilikuwa na mwezi kwenye simu ya mdogo mtu. Alikuwa anamrekodi dada yake wakiwa kwenye mataa ya Mwenge, dada anaimba sambamba na redio, kope zimekaa, pozi limekubali. Kufika kwenye kiitikio redio inakata, mishale ya dashibodi inalala yote kwa pamoja, na dada anasikika, "Zima simu wewe! Zima!" Haikupostiwa. Nani aposti ndinga ya melini inazimika kwenye mataa?

Mzee akaiangalia mara tatu. Halafu akaeleza taratibu. Gari ikikosa nguvu huku redio na taa za dashibodi ziko vilevile, tafuta kwenye mafuta, hewa au plagi. Lakini vyote vikizima kwa mpigo, acha plagi zipumzike. Hapo umeme wenyewe unakatika. Angalia terminal za betri, fyuzi kubwa, swichi ya ufunguo na nyaya za ethi.

Akauliza swali la pili. "Imewahi kunywa maji?"

Dada akamwangalia mdogo wake. Akaangalia chini. Akasema ndiyo, mpaka kwenye siti.

Mzee hakucheka wala hakusonya. Akawasha gari, akawasha taa zote, feni na redio. Akachukua mita, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya gari. Akasema hapa inatakiwa isome karibu na sifuri, ikizidi volti 0.2 shtuka. Ikasoma 1.4. Akautikisa waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi. Redio ikakata. Akautikisa tena. Ikarudi.

Akaufungua. Nje waya ulikuwa mzima kabisa. Alipochana mpira, ndani shaba imekuwa unga wa kijani, zimebaki nyuzi chache zinazogusana zikijisikia. Barabara ikiwa na mashimo zinaachana, gari ikitulia zinashikana tena.

"Mbona wenzako wakitengeneza ilikuwa inapona?" dada akauliza.

"Wote walifungua terminal ya betri?"

"Wote."

"Basi walikuwa wanautikisa huu waya bila kujua. Unashika, unakaa siku mbili tatu, unaachia. Wewe unadhani plagi zimekuponya."

Waya mpya, kutu ikakwanguliwa mpaka chuma kikang'aa, nati ikakazwa. Elfu 35. Mita ikasoma 0.05. Mzee akamwonya pia kwamba gari iliyokunywa maji haimaliziki siku moja, arudi wafungue kapeti, chini huko kuna viungo vingine vya nyaya. Na kwamba ikitokea tena barabarani asizungushe ufunguo mpaka mwisho wakati gari bado inatembea, usukani utajifunga.

Wiki iliyopita dada kaiposti ile klipu. Mwenyewe, na sauti yake ya "zima simu" ipo. Chini kaandika: haikutoka melini, ilikunywa maji Jangwani, nilijua, na nilimpandisha mama yangu. Komenti za mwanzo zilikuwa vicheko na emoji za meli. Baada ya hapo watu wakaanza kuomba namba ya fundi.

Kapeti lishafunguliwa, viungo viwili vingine vimebadilishwa, gari ishaenda Morogoro na kurudi salama. Mama bado anapanda daladala. Anasema gari anaamini imepona, anachosubiri ni kitu kingine.

Haya wadau, mnaoendesha ndinga zenye siri, fundi wenu anajua ukweli wote? Na mama ana haki kususa au kazidisha? Tiririka hapo chini.