Jumamosi za Mwalimu Ugenini: Kutoka Nsungwi Hadi Dzaleka

Mwalimu aliyekwenda kufundisha katika nchi ya watu hupangiwa siku tano za juma na ratiba ya shule. Siku mbili zinazosalia hujipangia mwenyewe, na aghalabu hizo ndizo zinazoonyesha kama kweli ameishi ugenini au alipata kibarua tu huko. Wapo wanaozimaliza kwa kufua, kusahihisha madaftari na kuwaandikia jamaa, nao hawana lawama. Lakini Malawi ni jirani yetu wa mlango kwa mlango. Tunakutana nayo katika ziwa ambalo sisi twaliita Nyasa nao wanaliita Malawi, na hata hivyo wengi wetu twaifahamu London kuliko Lilongwe. Kwa ajili hiyo nimeona si vibaya kuwaeleza wasomaji yale ambayo mwalimu Mtanzania anaweza kuyaona na kuyafanya katika siku zake mbili, akiwa amepanga chumba katika mtaa wa Nsungwi.

MJI WA NAMBA

Lilongwe umekuwa makao makuu ya Malawi tangu mwaka 1975, Serikali ilipohama kutoka Zomba. Mitaa yake mingi hujulikana kwa namba, na namba hizo hazifuatani ardhini kama zinavyofuatana katika hesabu; mgeni anayedhani kwamba akitoka Eneo la 25 lazima ataingia la 26 atatembea sana. Nsungwi umo katika hilo Eneo la 25, upande wa kaskazini. Jina lake kwa Kichewa maana yake ni mwanzi.

Asubuhi ya Jumamosi soko la mtaa huwa limekwisha changamka kabla jua halijapanda. Wako akina mama wenye mandasi, ambayo ni maandazi yetu yaliyopoteza silabi moja njiani. Yako mafungu ya usipa, samaki wadogo wa ziwani ambao kila aliyezoea dagaa atawatambua kwa harufu kabla hajawaona. Vijana wa kabaza, yaani baiskeli za kubeba abiria, wamejipanga kando ya barabara wakingoja wateja. Kanga na kitenge vipo pia, ila hapa huitwa chitenje.

Mswahili akitega sikio, hujikuta nusu mgeni na nusu mwenyeji. Nyumba ni nyumba, moto ni moto, mbuzi ni mbuzi. Mvua ni mvula, njaa ni njala, siku ni tsiku, maji ni madzi. Juma la kwanza hudhani amekwisha kuijua lugha. Juma la pili humwonyesha kwamba kugula ni kununua na kugulitsa ni kuuza, na kwamba asiyetofautisha mawili hayo sokoni atachekwa kwa upole. Yampasa basi ajifunze kusalimu, “Muli bwanji?”, na kushukuru, “Zikomo,” tena aseme hayo kabla ya kuuliza bei. Wamalawi ni watu wa salamu, na salamu iliyorukwa huonekana kuwa dharau.

MILIMA, MICHORO NA ZIWA

Kwa mwenye miguu mizima, safari ya kwanza na iwe Mlima Nkhoma, upande wa kusini-mashariki wa mji. Urefu wake ni mita 1,784 juu ya usawa wa bahari. Hapana haja ya kamba wala vyombo vya wapanda milima. Panahitajiwa viatu imara, maji ya kunywa na kuondoka mapema. Chini yake pana misheni kongwe na hospitali, na kutoka juu mtu huiona nchi tambarare ya mahindi na tumbaku ikitandazika mpaka macho yachoke.

Safari ya pili ni ya kusini, wilaya ya Dedza, kwenye vilima vya Chongoni. Huko mna mahali 127 penye michoro ya kale miambani, na mwaka 2006 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Baadhi ya michoro ni kazi ya wawindaji wa kale wa Kitwa; mingine, ya rangi nyeupe, ni ya wakulima wa Kichewa, na mingi katika hiyo yahusiana na unyago wa wasichana. Mwalimu anayefikiri kwamba elimu ilianza na ubao na chaki akasimame mbele ya mwamba huo.

Safari ya tatu ni Nkhotakota, kando ya ziwa, nayo yatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko zote. Katika miaka ya 1840 mfanya biashara kutoka pwani, Salim bin Abdallah, alijenga makao yake hapo, na watawala wa ukoo wake wakaitwa Jumbe. Kutoka hapo watumwa na pembe za ndovu vilivushwa ziwa kwa majahazi na kupelekwa Kilwa na pwani. Livingstone alifika huko mwaka 1861, akarudi mwaka 1863. Uislamu uliokuja na wageni hao ungali hai Nkhotakota hata leo, na maneno ya Kiswahili vilevile yaliachwa katika vinywa vya watu. Msafiri aliyezoea kuambiwa kwamba lugha yake ni lugha ya umoja na ukombozi hupata pale jambo la kufikiri. Mahali hapa lugha hiyo iliwahi kutembea pamoja na mnyororo.

KAMBI ILIYOKUWA GEREZA

Zamu hii Kiswahili kimeingia Malawi kwa njia nyingine, nacho kimebebwa na watu waliokimbia. Kilomita zipatazo 40 kaskazini ya Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, iko kambi ya Dzaleka. Zamani za Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza ambamo wapinzani wa kisiasa walifungwa, na jina lenyewe hufasiriwa kuwa ahadi ya mfungwa, yaani kwamba ataacha, hatarudia tena. Mwaka 1994, mwaka uleule ambao Banda aliondolewa madarakani kwa kura, Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi waliotoka Rwanda, Burundi na Kongo. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Katika miaka ya karibuni wamepita 50,000, na zaidi ya nusu yao ni Wakongo.

Atokaye Nsungwi hushika barabara kuu ya kaskazini, akapita Kanengo, akapita Lumbadzi karibu na uwanja wa ndege, kisha akaingia wilaya ya Dowa. Safari nzima huwa katika Kichewa. Akishuka kambini, masikio yake hufunguka ghafula, kwa kuwa anasikia Kiswahili! Kipo cha Uvira na Fizi, kinachokaribiana sana na chetu. Kipo cha Bukavu, ambacho watoto huwa batoto na maji huwa mayi. Kipo cha Warundi, kilichochanganyika na Kirundi. Muuza nyanya, fundi cherahani, kinyozi, mzee anayeota jua mlangoni, wote wanaweza kuulizwa njia bila mkalimani. Mtanzania anayejitolea hapo ana jambo ambalo wageni wengi waliokwenda kabla yake, wenye digrii na magari, hawakuwa nalo.

KAZI YA JUMAMOSI

Watoto wa kambini hufuata mitaala ya Malawi, yaani miaka minane ya shule ya msingi, kisha minne ya sekondari. Lugha wanazozikuta darasani ni Kiingereza na Kichewa. Wengi wao, au kaka na dada zao, walianza masomo kwa Kifaransa, Kirundi au Kiswahili. Mtihani wa darasa la nane haumuulizi mtoto ametoka wapi, na nafasi za sekondari ni chache kuliko wanaozihitaji. Kwa hiyo mtoto anayeanguka kwa sababu ya lugha huanguka pia katika hesabu, sayansi na mengine yote.

Mfano mmoja utatosha. Nimewaona wavulana na wasichana wanaogawanya na kuzidisha kwa kasi ya mwenye duka, lakini hesabu ileile ikiandikwa kwa maneno ya Kiingereza, kwamba mtu fulani ana magunia kadhaa na ameuza sehemu fulani, kalamu husimama. Mwambie mtoto huyo habari ya magunia kwa Kiswahili, naye atakupa jibu kabla hujamaliza sentensi. Kinachompungukia ni daraja la kuvukia, wala si akili.

Kujenga daraja hilo ndiyo kazi inayofaa kwa siku moja ya juma. Ubao hugawanywa sehemu tatu: Kiswahili, Kichewa na Kiingereza. Neno hutoka katika lugha ambayo mtoto anaijua, likapita katika ile ya jirani zake wa Dowa, likaishia katika ile ya mtihani. Watoto hufurahi mno wanapogundua kwamba njala ya Kichewa ni njaa yao. Huanza kuzisaka wenyewe jamaa nyingine za maneno, na lugha ya wenyeji huacha kuwa ukuta.

Hata hivyo, mjitoleaji asijidanganye. Anayebeba mzigo wa shule hizo ni mwalimu anayeingia darasani Jumatatu hadi Ijumaa, mbele ya umati wa watoto. Wengi wa walimu hao ni wakimbizi wenyewe, wenye ujuzi kamili, wanaolipwa posho ndogo tu. Mmoja wao, mtu mzima kutoka Burundi, alinieleza kwa adabu kwamba mgeni akija Jumamosi mbili na ya tatu asionekane, watoto hukumbuka hiyo ya tatu. Wamekwisha kuachwa na wengi, na hawana haja ya mtu mwingine wa kuwafundisha namna ya kungoja bure. Toka hapo nilielewa kwamba Nkhoma na ziwa vyatakiwa kungojea Jumapili au likizo. Aliyetoa ahadi ya Jumamosi hana tena Jumamosi ya kutembea.

KUINGIA NA KUTOKA

Iko tofauti moja ambayo mjitoleaji huiona kila jioni, nayo ni kwamba yeye hupanda basi akarudi Nsungwi, lakini wenyeji wake hubaki. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Kimataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi, ilitangaza kwamba haitafungwa na baadhi ya vifungu, vikiwamo vya ajira na uhuru wa kwenda mtu atakako. Kwa miaka mingi sheria haikutekelezwa kwa ukali, na familia nyingi zilitoka kambini zikafungua maduka mijini. Mwaka 2023 Serikali ilitoa amri warudi, na kuanzia mwezi wa Mei polisi waliwakusanya watu Lilongwe na kwingineko. Maduka yalifungwa, na watoto waliokuwa wakisoma shule za mjini wakakatizwa masomo, huku kambi iliyokwisha kujaa ikiongezewa watu.

Serikali ilitaja usalama na utaratibu. Watetezi wa haki za binadamu walilaumu namna jambo lilivyofanywa. Sisi Watanzania hatuna haki ya kunyoosha kidole kwa haraka, maana tunayo Nyarugusu kule Kigoma tangu mwaka 1996, na huko pia mkimbizi hatoki bila kibali. Lakini twaweza kusema lililo dhahiri. Mtu mwenye ufundi na nguvu anayezuiwa kufanya kazi hulazimika kuishi kwa msaada, na msaada katika miaka ya karibuni umekuwa ukipungua.

Pamoja na hayo, Dzaleka si mahali pa machozi tu. Mwaka 2014 mshairi Mkongo aliyekuwa akiishi kambini, Menes la Plume, alianzisha Tamasha la Tumaini. Watu hutoka Lilongwe na nchi za mbali kusikiliza muziki na mashairi na kutazama ngoma, na wageni wanaopenda hulazwa katika nyumba za wakimbizi wenyewe. Siku hizo mambo hugeuka, na mkimbizi akawa mwenye nyumba anayekaribisha, anayepika na anayepokea shukrani. Anayetaka kujua maana ya heshima kwa mtu aliyezoea kupokea tu, na aende akalale huko usiku mmoja.

NASAHA KWA WANAOKWENDA

Kwanza, usijiendee kambini kama mtalii. Tafuta ruhusa na upitie kwa taasisi inayofanya kazi huko. Pili, ahidi kidogo utimize chote. Jumamosi moja kwa mwezi isiyokosekana ni bora kuliko nne za mwezi mmoja. Tatu, muulize mwalimu wa darasa ana haja gani, ukatumike chini yake. Nne, acha picha za watoto. Hawakuja duniani kuwa mapambo ya albamu yako. Tano, nunua nyanya zako na ushonewe nguo zako palepale kambini, kwani fedha iliyolipwa kwa kazi humfaa mtu mara mbili. Sita, beba sweta, maana mwezi wa Juni na Julai nyanda hizo zina baridi, na kuanzia Novemba mpaka Aprili usisahau mwavuli.

Kule Nkhotakota wazee wa watu walisikia Kiswahili katika amri ya kupanga msafara. Kule Dzaleka mtoto aweza kukisikia katika maelezo ya hesabu inayomshinda. Mwalimu mmoja wa Jumamosi hatafungua mlango wa kambi, wala hataongeza nafasi za sekondari. Mtoto atakayefaulu mtihani atakuwa amefaulu kwa jasho lake na la walimu wake wa kila siku. Ila katika jasho hilo limo na tone letu, na hilo ni neno jema la kuandikwa juu ya lugha yetu katika nchi ya jirani.